Kompyuta na Kazi za Ofisi: Mambo Sita ya Kujua

Bwana Mhariri ameniomba niandike somo fupi juu ya programu za kompyuta zisaidiazo kazi za kila siku za ofisini. Nimekubali kwa furaha, maana mimi ni mwalimu wa Utunzaji wa Hesabu, na kwa miaka mingi nimepewa pia kazi ya kuandaa matokeo ya mitihani. Lakini nimekubali kwa sababu nyingine tena. Ninalo kosa langu moja la zamani ambalo sijapata kuliandika mahali popote, na naona ni vema wanafunzi walijue kabla hawajaketi katika ofisi za watu. Nitalieleza mahali pake.

Kwanza niseme neno kwa wazazi wetu. Wako wadhanio kwamba somo la kompyuta ni la wale watakaokuwa mainjinia tu. Sivyo. Mtoto wako akiwa karani, muuguzi, katibu wa chama cha ushirika, mtendaji wa kijiji au mwenye duka la mbolea na mbegu, kila siku atakutana na mambo matatu: barua, orodha na hesabu. Kompyuta husaidia mambo hayo matatu, na ajuaye kuitumia vizuri humaliza kwa saa moja kazi ambayo mwenzake huifanya kutwa nzima. Ajuaye nusu nusu naye humaliza upesi, lakini aghalabu humaliza vibaya.

Yafaa tuelewane juu ya neno lenyewe. Programu ni maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta ifanye kazi fulani. Kompyuta isiyo na programu ni kama cherehani isiyo na uzi: utaikanyaga mchana kutwa, wala hutapata shati. Sasa tuyatazame mambo yenyewe, moja baada ya jingine.

1. PROGRAMU YA KUANDIKIA

Zamani karani aliandika barua kwa taipureta, akaweka karatasi ya kaboni katikati ili apate nakala. Akikosea mstari wa mwisho, huenda akalazimika kuanza upya. Leo tunaandika kwenye skrini, tunasahihisha, kisha ndipo tunachapa. Programu zijulikanazo zaidi ni Word ya kampuni ya Microsoft na Writer iliyomo ndani ya LibreOffice.

Wengi wetu tumehamia kwenye kompyuta huku tukiwa na tabia za taipureta. Mtu akitaka kichwa cha habari kikae katikati, hubonyeza kitufe cha nafasi mara ishirini. Akitaka kuanza ukurasa mpya, hubonyeza kitufe cha kuteremka mstari hadi ukurasa uishe. Kesho akiongeza sentensi moja juu, kila kitu huhama, naye huanza kulaumu mashine. Jifunze njia iliyo sahihi. Kiko kitufe cha kuweka maneno katikati. Kwa ukurasa mpya, shikilia Ctrl kisha bonyeza kitufe cha kuteremka mstari. Na vichwa vya habari usivikoze tu kwa wino mzito. Viambie programu kwamba ni vichwa, kwa kuchagua mtindo wa kichwa kwenye orodha ya mitindo. Ukifanya hivyo, siku taarifa yako ikifika kurasa arobaini, programu yenyewe itakutengenezea yaliyomo pamoja na namba za kurasa.

Viko vitufe vichache ambavyo kila mwanafunzi angevijua kwa moyo kama ajuavyo jedwali la kuzidisha. Shikilia Ctrl, kisha: C kunakili, X kukata, V kubandika, Z kutengua ulichokosea, S kuhifadhi, F kutafuta neno. Kukata na kubandika twakuona leo kuwa jambo dogo, lakini lilibuniwa na watu. Katika miaka ya 1970, Larry Tesler na wenzake walikuwa wakifanya kazi katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko California, Marekani, nao ndio waliotengeneza njia hiyo kama tuijuavyo. Bwana huyo alifariki mwaka 2020. Kila karani duniani hutumia kazi ya mikono yake, na wengi hawajapata kulisikia jina lake.

Katika vitufe hivyo vyote, kilicho bora kuliko vyote katika nchi zetu ni Ctrl na S. Umeme haubishi hodi unapoondoka.

2. LAHAJEDWALI

Sasa tumefika penye kiini cha somo. Lahajedwali ni karatasi kubwa ya miraba ndani ya kompyuta. Safu za kwenda chini huitwa kwa herufi, A, B, C, na mistari ya kwenda kando huitwa kwa namba, 1, 2, 3. Kila kisanduku kina anwani yake. Kile cha safu C katika mstari wa 2 huitwa C2. Ndani ya kisanduku waweza kuandika jina, namba, au kanuni ya hesabu. Programu zitumikazo sana ni Excel na Calc.

Asili yake yafaa ijulikane, maana ilizaliwa darasani. Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Hesabu za biashara zilipangwa kwa majedwali ubaoni, na namba moja ikibadilika, au ikionekana ina kosa, sharti namba nyingine nyingi zifutwe na kukokotolewa tena. Akawaza: je, kama ubao wenyewe ungejikokotolea? Yeye na rafiki yake Bob Frankston wakatengeneza programu iitwayo VisiCalc, nayo ikatoka mwaka 1979 kwa kompyuta ya Apple II. Wako watu walionunua kompyuta kwa ajili ya programu hiyo tu.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Darasa lina wanafunzi 45. Mstari wa 1 una vichwa vya safu, basi wanafunzi wako mstari wa 2 hadi wa 46. Safu A ni namba ya usajili, B ni jina, na C hadi K ni masomo tisa. Katika L2 naandika =AVERAGE(C2:K2), maana yake, nipe wastani wa visanduku kuanzia C2 mpaka K2. Kisha naiburuta kanuni hiyo chini hadi L46, na wastani wa darasa zima unapatikana kwa kufumba na kufumbua.

Lakini simama hapo, ewe mwanafunzi. Kuna jambo ambalo walimu wengi hawalijui. Mwanafunzi aliyeugua siku ya mtihani, utamwandikia nini? Ukiacha kisanduku kitupu, programu haikihesabu. Ukiandika 0, inakihesabu. Tuseme mwanafunzi amepata 60 na 70, na mtihani wa tatu hakuufanya. Kwa kisanduku kitupu wastani wake ni 65. Kwa sifuri, wastani wake ni 43.3. Mtoto ni yule yule, na akili ni ile ile; tofauti ni kidole cha mwalimu. Basi shule iamue kwanza kwa sheria yake nini kifanyike kwa mgonjwa, kisha ndipo karani ajue cha kuandika. Programu haina huruma wala ukatili. Inahesabu tu.

Tuendelee na nafasi. Katika M2 naandika =RANK(L2,L$2:L$46). Alama ya dola hapa haihusu fedha. Maana yake ni kwamba mpaka huo usihame ninapoburuta kanuni chini. Nikiisahau, nini kitatokea? Mpaka utateremka pamoja na kanuni, na nikifika mwanafunzi wa mstari wa 46 atalinganishwa na visanduku vya L46 hadi L90, yaani yeye peke yake na visanduku vitupu vilivyo chini yake. Basi atakuwa wa kwanza, hata kama alipata 12! Nimewahi kuona orodha ya namna hiyo imebandikwa ukutani, na wa kwanza walikuwa sita.

Ziko kanuni nyingine nyepesi. =SUM hujumlisha. =COUNTIF(C2:C46,">=50") huhesabu wangapi walipata 50 au zaidi katika somo la safu C. Kanuni hizo tatu nne zinatosha kuendesha hesabu za duka, za kikundi cha kuweka na kukopa, au za stoo ya shule.

3. KOSA LANGU

Nilikuwa nikifundisha katika shule nyingine wakati huo. Mwisho wa muhula nilikuwa nimemaliza orodha ya matokeo ya Kidato cha Pili, wanafunzi 45, wakiwa wamepangwa kwa namba za usajili. Ilikuwa jioni, na ripoti zilitakiwa zitoke asubuhi. Mwalimu wa darasa akaniomba nizipange kwa herufi ili azigawe kwa urahisi. Nikaiteua safu ya majina, nikaamuru ipangwe toka A hadi Z.

Programu ikaniuliza swali. Wale wanaotumia Excel wanalijua. Ilitaka kujua kama inyanyue na safu za jirani pamoja na ile niliyoiteua, au iendelee na hiyo niliyoiteua tu. Mimi nilikuwa na haraka. Sikusoma. Nikachagua iendelee na niliyoiteua.

Wasomaji wenye ujuzi wamekwisha kufahamu. Majina yalihama, alama zikabaki mahali pake. Kila mtoto akavikwa alama za mwingine. Nami nikatazama, nikaona majina yamekaa vizuri kwa herufi, nikafurahi. Nikachapa ripoti 45. Mwalimu wa darasa akatia sahihi, Mkuu wa Shule akagonga mhuri, na watoto wakaenda likizo.

Shule ilipofunguliwa nilikuwa zamu ofisini. Akaja mzee mmoja amevaa koti, akiwa na vumbi la safari ya basi.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kuchukua sanduku na godoro la binti yangu. Hatarudi."

Nikamwuliza kuna nini. Akatoa ripoti iliyokunjwa mara nne. Binti yake alikuwa wa 41 kati ya 45. Akasema, "Nimeuza mahindi kwa miaka miwili kwa ajili ya huyu. Nimemwuliza alikuwa akifanya nini huku, anasema hajui, anasema alisoma. Sasa atakaa dukani kwa mjomba wake."

Mzazi akimwondoa mtoto, ofisi huandika barua yenye maendeleo yake. Nikachukua daftari la mwalimu wa Hisabati ili ninakili alama. Daftari lilisema 88. Ripoti ilisema 31. Nikadhani ni kosa la mwalimu. Nikachukua la Biolojia: 79, ripoti 40. La Kiingereza: 74, ripoti 35. Hapo mikono ikaniwia baridi. Nikafungua kompyuta, nikatazama safu ya namba za usajili na safu ya majina. Hazikuwa zikielewana.

Sikuwa na la kufanya ila kusema kweli. Nikamweleza mzee kwamba binti yake hakuwa wa 41. Nilipokokotoa upya mbele yake kutoka kwenye madaftari, alikuwa wa tatu. Mzee hakunigombeza. Alikaa kimya, akaikunja ile ripoti tena mara nne, akasema, "Aliniambia, mwalimu. Mimi sikumwamini, kwa sababu karatasi ilikuwa na mhuri."

Maneno hayo sijayasahau hata leo. Binti alirudi shuleni Jumatatu iliyofuata. Mimi nilikwenda kwa Mkuu wa Shule, nikakiri, nikapewa onyo nililostahili, kisha nikaandika barua 45 za kuomba radhi. Wala si wale walioonewa tu waliokuwa wazito kwangu. Alikuwako kijana mmoja ambaye ripoti ilimfanya wa kwanza, na nyumbani kwao walichinja kuku. Nilipomwita kumweleza, akainama, akasema, "Nilijua si zangu, mwalimu. Lakini Mama alifurahi sana." Huyo naye nilimkosea.

Tokea siku hiyo ninazo kanuni tatu, nami nawapa ninyi bure. Ya kwanza: kabla ya kupanga orodha, teua jedwali lote, si safu moja. Ya pili: programu ikikuuliza swali, lisome hadi mwisho. Ya tatu: kabla ya kuchapa, chukua majina matano popote katika orodha, uyalinganishe na madaftari ya karatasi. Kazi hiyo ni ya dakika tano. Kama ningalifanya hivyo jioni ile, nisingalikuwa na habari hii ya kuwasimulia.

4. WAKUBWA NAO HUKOSEA

Nisingependa mdhani kwamba makosa ya namna hii ni ya shule za mashambani tu. Mwaka 2010 maprofesa wawili mashuhuri wa uchumi, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala juu ya madeni ya serikali na kukua kwa uchumi. Viongozi wa nchi kadhaa waliitaja katika siasa za kubana matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Amherst, Thomas Herndon, alijaribu kuzirudia hesabu hizo kama zoezi la darasa, naye hakupata jibu lile lile. Alipopewa lahajedwali yenyewe akaona kwamba kanuni ya wastani ilitakiwa kushika mstari wa 30 hadi wa 49, lakini iliishia wa 44. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Yeye na walimu wake walikuwa na mambo mengine pia waliyoyapinga, na wenyewe maprofesa walikubali kosa hilo la kanuni, ijapokuwa walishikilia kwamba maoni yao kwa jumla yalikuwa sawa. Kwetu sisi fundisho ni hili: mwanafunzi aliyeuliza "mbona sipati jibu hili?" aliona ambacho wakubwa hawakukiona.

Mfano mwingine ni wa Uingereza wakati wa ugonjwa wa korona. Majibu ya vipimo yaliingizwa katika faili la Excel la aina ya zamani, ambalo haliwezi kubeba mistari zaidi ya 65,536. Ilipojaa, iliyozidi iliachwa nje. Wagonjwa 15,841 hawakuingia katika taarifa za kila siku kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, na watu waliokutana nao wakachelewa kuonywa. Faili la aina mpya hubeba mistari 1,048,576. Kila chombo kina ujazo wake. Sharti ujue debe lako linachukua kiasi gani kabla hujamimina.

Tena lahajedwali ina tabia ya kujifanya inajua kuliko wewe. Ukiandika namba ya simu ianzayo na sifuri, huiondoa ile sifuri, kwa kuwa kwake namba haianzi na sifuri. Ukiandika matokeo ya mpira, 2-1, huenda ikageuza kuwa tarehe. Hata wataalamu wa elimu ya viumbe iliwasumbua, maana jeni iliyoitwa MARCH1 iligeuzwa kuwa tarehe ya mwezi wa Machi. Mwisho wake, mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitoa taratibu mpya, na jeni hiyo ikaitwa MARCHF1. Dawa yake kwetu ni rahisi: kabla ya kuandika namba za simu au za usajili, teua safu hiyo, uiambie programu kwamba ni maandishi, wala si namba za kuhesabiwa.

5. BARUA NYINGI NA KARATASI ISIYOBADILIKA

Tuseme shule yataka kuwaandikia wazazi 45 juu ya kikao, na kila barua iwe na jina la mzazi na la mtoto. Wako waandikao barua moja, wakachapa, wakafuta jina, wakaandika jingine, wakachapa tena. Programu ya kuandikia inaweza kuzifanya zote kwa pamoja. Unaandika barua moja ukiacha nafasi za majina, kisha unaiunganisha na orodha iliyo katika lahajedwali. Programu inachukua jina la mstari wa kwanza, inatoa barua. La mstari wa pili, inatoa barua. Hivyo hivyo hadi mwisho. Ndivyo nilivyochapa ripoti zangu zile 45 kwa muda mfupi. Mnaona basi: chombo hiki huzidisha kazi yako, na kosa lako pia. Kwa hiyo chapa barua mbili tatu kwanza, uzisome, kisha ndipo uchape zilizobaki.

Barua ikiisha, usimpelekee mtu faili la kuandikia, maana kwenye kompyuta yake herufi zaweza kubadilika, na mistari ikahama, au mtu mwingine akaigeuza kwa bahati mbaya. Ihifadhi kama PDF. Namna hiyo ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na tangu 2008 ni kipimo cha kimataifa. Faida yake ni kwamba ukurasa huonekana vile vile kila mahali. Word na Writer zote zaweza kuhifadhi hivyo bila malipo ya ziada. Lakini msidhani kwamba PDF haiwezi kughushiwa. Yule mzee aliuamini mhuri, akakosea. Nasi tusiiamini karatasi kwa umbo lake tu.

6. KUTUNZA

Mali bila daftari huisha bila habari, na faili lisilotunzwa ni hivyo hivyo. Naanza na majina. Nimeona kompyuta za ofisi zenye faili liitwalo "barua", jingine "barua mpya", jingine "barua mpya ya mwisho", na jingine "barua ya mwisho kabisa". Nani atajua ipi ni ipi? Andika mwaka, mwezi na siku kwanza, kisha habari yenyewe, kama hivi: 2025-03-14 barua ya kikao cha wazazi. Ukifanya hivyo, kompyuta itazipanga yenyewe kwa tarehe.

Pili ni nakala. Wenye ujuzi wana sheria ya tatu, mbili, moja: uwe na nakala tatu za kazi yako, katika vyombo vya namna mbili, na moja ikae mbali na ofisi. Kwa shule yaweza kuwa hivi: moja katika kompyuta, moja katika diski ya nje iliyofungiwa kabatini, na moja katika hifadhi ya mtandaoni. Flashi peke yake haitoshi. Flashi hupotea mfukoni, tena hubeba virusi toka kompyuta moja hadi nyingine kama nzi abebavyo maradhi. Ichunguze kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kuifungua.

Tatu ni nywila. Alama za watoto ni siri yao na ya wazazi wao. Usiache kompyuta wazi ukaenda kunywa chai, wala usiandike nywila katika karatasi ukaibandika kwenye skrini.

Mwisho niseme juu ya gharama, kwa kuwa najua wako watakaouliza. LibreOffice, yenye Writer na Calc, hutolewa bure kwa kila mtu, na ni halali kuinakili na kumpa jirani. Ilianza mwaka 2010, ikitokana na programu ya zamani zaidi iliyoitwa OpenOffice. Nasi Waswahili tuna sehemu katika habari hiyo, maana mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Asije mtu akawaambia kwamba lugha yetu haiwezi kuingia ndani ya kompyuta. Ilikwisha kuingia. Na kuliko kutumia programu ya wizi, ambayo mara nyingi huja na virusi ndani yake, ni afadhali kutumia ya bure iliyo halali.

MASWALI YA KUJIPIMA

Yajibuni haya katika madaftari, kisha mnijie chumba cha kompyuta siku ya Alhamisi baada ya vipindi.

(a) Mwanafunzi amepata 48, 66 na 57, na mtihani wa nne hakuufanya. Tafuta wastani wake ikiwa kisanduku ni kitupu, na ikiwa imeandikwa 0. Ni upi ulio haki? Toa sababu zako.

(b) Darasa lina wanafunzi 60, na mstari wa 1 ni wa vichwa vya safu. Mwanafunzi wa mwisho yuko mstari wa ngapi? Andika kanuni ya kupata nafasi ya mwanafunzi wa kwanza katika orodha, ikiwa wastani uko safu L.

(c) Kwa nini namba ya simu iandikwe kama maandishi?

(d) Waulize wazazi wako wanaandikaje hesabu za nyumbani, za shamba au za duka. Chora lahajedwali ambayo ingewafaa, uwapelekee waione.

Hilo la mwisho ndilo nilipendalo zaidi. Kompyuta ni mtumishi mwepesi, hodari, asiyechoka; lakini hajui binti wa nani amesoma mpaka usiku wa manane, na nani hakusoma. Hilo twalijua sisi, basi kazi ya kuhakikisha imebaki kwetu.

Wasalaam.

Mwalimu wa Utunzaji wa Hesabu